Jiwe la zambarau na la njano, kweli ni jiwe moja?

Ndugu yangu, kama nimekuelewa, umenunua mawe mawili hapo Tanga, zambarau na njano, muuzaji akasema yote ni kwatzi, yaani aina moja ya madini ya fuwele, sasa unahisi umepigwa. Kwa hilo hakukudanganya. Kwatzi safi haina rangi. Ikiwa na chuma kidogo mno ndani yake, kisha ikapata mionzi ya asili ardhini kwa miaka mingi, inakuwa zambarau: ndiyo amethisti. Ichome kwenye joto la nyuzi 400 za Selsiasi na zaidi, huweza kugeuka njano, ikaitwa sitrini. Sitrini nyingi za sokoni zimepatikana hivyo. Hizo huelekea rangi ya chungwa, za asili huwa njano hafifu. Kuchomwa si utapeli, kukufichia ndiyo utapeli.

Chukua lenzi, tazama kwenye mwanga. Rangi imejikusanya kwenye nyufa? Limetiwa rangi. Viputo vya duara? Hicho kioo. Ila amethisti iliyotengenezwa maabara jicho halitambui, kwa hiyo kama ulitoa hela ndefu, mpelekee mtaalamu wa vito mwenye vifaa.

Usijaribu kulichoma jikoni, linaweza kupasuka. La zambarau usiliache juani, hupauka. Kulipeleka nje ya nchi, anzia Tume ya Madini.