Nenda chuoni na raketi yako

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimelisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Unauliza kama, kwa kuwa umetimiza miaka 18 na mashindano ya vijana yanakuishia mkononi, uingie moja kwa moja katika tenisi ya kulipwa kama kocha anavyotaka, au upokee ufadhili wa chuo kikuu cha Marekani. Nenda chuoni, mwanangu, na raketi yako uende nayo.

Usidhani ninasema hivyo kwa kukosa imani nawe. Raketi yako ya kwanza niliichagua mwenyewe kwenye mitumba ya soko la Memorial, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikuokotea mipira saa kumi na mbili asubuhi. Kumbuka, hata hivyo, ulipohamia kwa shangazi yako Arusha. Mipira iliyokuwa ikidondoka ndani ya mstari hapa Moshi, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, ilipaa na kutoka nje kule kwenye mita 1,400, kwa sababu hewa ni nyepesi zaidi. Ukalia kwa simu ukisema umesahau kucheza, kumbe ulihitaji wiki mbili tu za kuzoea.

Tenisi ya kulipwa ya ngazi ya chini haitakupa wiki hizo. Mashindano madogo kabisa ya kimataifa ya wanawake hutoa zawadi ya jumla ya dola 15,000, ambazo hugawanywa kwa wachezaji wengi, na anayetolewa mapema huondoka na fedha zisizofidia hata nauli, achilia mbali hoteli, nyuzi za raketi na malipo ya kocha. Gharama hizo zingeniangukia mimi, na duka letu unalijua. Sikunyimi, ninachohofia ni kwamba kila pointi utaicheza ukiihesabia shilingi zangu, na mkono wenye hofu haupigi mpira sawasawa.

Mtazame Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi. Mwaka 2022 alitwaa taji la vijana la Wimbledon kwa wachezaji wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na bado alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Mwaka 2024 akaipatia Kenya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Danielle Collins wa Marekani naye alipitia Chuo Kikuu cha Virginia kabla ya kufika fainali ya mashindano ya wazi ya Australia mwaka 2022.

Kuna jambo jingine, nalo linaniuma. Ulipokuwa na miaka 14 uliniambia bega linauma, nami nikakuacha ucheze fainali kwa kuwa nililitaka kombe lile kuliko ulivyolitaka wewe. Ulikaa nje miezi mitano. Tangu siku ile nimeapa kwamba mwili wako hautaharakishwa tena na tamaa ya mtu mwingine, iwe yangu au ya kocha.

Mwambie kocha kwa heshima, kwa maana amekufanyia mengi. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nije Arusha. Ziweke tayari fomu za chuo na cheti chako cha kidato cha sita, tuzijaze pamoja mezani kwa shangazi yako.

Baba yako akupendaye