Beji kwenye wasifu wa washirika: anza na chache

Ndugu katibu, umeuliza ni beji zipi, yaani alama ndogo za kumtambulisha mtu, uweke kwenye wasifu wa washirika katika programu ya kanisa. Weka zile tu zinazomsaidia mhudumu kuamua jambo papo hapo: mgeni, amebatizwa, ameidhinishwa kuhudumia watoto. Hiyo ya watoto iwe na tarehe ya kuisha, maana idhini iliyopitwa na wakati ikiendelea kuonekana ni hatari zaidi kuliko kutokuwa na beji kabisa. Usitegemee rangi pekee. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo ongeza umbo au herufi. Na tafadhali sana, ugonjwa, ahadi ambazo hazijalipwa au migogoro ya ndoa visiwe beji. Hayo yabaki kwenye maelezo ya siri anayoyafungua mchungaji peke yake.