Kila mtu anaruka, nani anakata kona? Jibu refu kwa aliyeuliza kuhusu snoubodi

Mkuu uliyeanzisha uzi, nimekusoma vizuri. Umefika Toronto mwaka huu, washkaji wa kazini wakakupeleka mlimani, ukaona vijana wote na snoubodi zao (ule ubao mmoja wa kutelezea theluji unaofungwa miguu yote miwili) wanakimbilia kule kwenye reli na vilima vya kurukia, halafu ukamwona mzee mmoja na ubao mwembamba mrefu anashuka amejilaza mpaka bega linakaribia kugusa theluji, na roho yako ikaenda kwa yule mzee. Sasa unauliza kwanini watu kama yeye wamebaki wachache hivyo, na je uchukue ule ubao wa mashindano wa mtumba uliouona mtandaoni pamoja na buti zake za plastiki. La pili nalijibu kwanza: usinunue, bado. Sababu zipo huko chini, vumilia.

Mimi niko huku Ontario muda, nateleza zaidi Blue Mountain na vile vilima vidogo vidogo vya huku, buti ngumu ninazo na buti laini ninazo, kwahiyo siongei kwa kusimuliwa.

Tuanze na kitu chenyewe. Watu wengi wanaoshuka na snoubodi hawakati kona aisee, wanakwangua. Ubao unaenda kiubavubavu, unapunguza mwendo kwa kusugua theluji, na ukitazama nyuma unakuta alama pana kama mtu kapitisha fagio. Kukata kona kwenyewe, hii wanayoiita kavingi, ni pale ubao unaposimama juu ya makali yake ya chuma na mkia unapita palepale ilipopita pua, nyuma unabaki mstari mmoja mwembamba basi. Kinachofanya hivyo ni umbo, ubavu wa ubao haujanyooka, katikati umeingia ndani, kwahiyo ukiulaza ubavu na kuukandamiza unajipinda na ule upinde ndio unaokuzungusha, kadri unavyoulaza zaidi ndivyo kona inavyokuwa fupi. Kazi yako ni kuulaza na kusubiri. Huko kusubiri ndiko kunawashinda wengi, maana kuna kipande kifupi pale kati ya kona na kona ambapo ubao unaelekea bondeni moja kwa moja, mwendo unapanda, na mwili mzima unataka kufunga breki.

Sasa ubao wa fristaili, yaani wa mambo ya kuruka na reli, na ule wa mashindano ya mbio ni ndugu wa mbali sana. Wa fristaili kiunoni una kama sentimita 25, ncha zote mbili zimepinda juu ili uweze kushuka hata kinyumenyume, nusu kipenyo cha ule mkato wa ubavuni ni mita 7 au 8 hivi, miguu inafungwa vidole vikitazama nje kama bata. Wa mashindano ya slalomu kubwa, yaani mbio za kushuka kwa kuzungukia nguzo, unafika sentimita 185, kiuno 18 mpaka 20, mkia umekatwa bapa, nusu kipenyo kinakaribia mita 20 au kupita, miguu yote miwili inatazama mbele kwa nyuzi 50, 60. Miguu inatazama mbele kwasababu ubao ni mwembamba, ukiiweka ya kukingama vidole na visigino vitatokeza nje na ukiulaza tu buti inagusa theluji, makali yanaachia, na wewe unakwenda zako. Halafu buti ni za plastiki ngumu, jamii ya zile za ski (zile bao mbili nyembamba, kila mguu na wake), hazina huruma ila kwenye barafu zinashika kweli.

Na hapa ndipo watu wanaposahau historia. Mashindano ya mbio ndiyo yaliyotangulia. Sherman Poppen wa Michigan alitengeneza Snurfer yake, ubao wa kwanza wa namna hii, mwaka 1965, mchezo wa watoto wake tu ule, na kilichofuata watu wakaanza kushindana nani anashuka haraka. Jake Burton Carpenter mwenyewe, mwenye kampuni ya snoubodi ya Burton, alikwenda na ubao wake kwenye mashindano ya Snurfer huko huko Michigan mwaka 1979. Mwaka 1982 pale Suicide Six, Vermont, mashindano yalikuwa ya kushuka na ya slalomu, hakuna cha kuzunguka hewani. Mwaka uliofuata Tom Sims akaandaa mashindano yake Soda Springs, California, akaweka na hafupaipu ndani, yaani mtaro wa theluji wenye kuta mbili za kurukia, na kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba kambi ya Burton ilitishia kugoma wakisema kuruka kwenye mtaro kunahusiana nini na snoubodi. Fikiria hiyo halafu angalia leo Burton inauza nini hahaha.

Ulaya miaka ya mwisho ya 80 na mwanzo wa 90 buti ngumu ndio zilikuwa mpango mzima. Kina Jean Nerva na Peter Bauer walikuwa mastaa, mabango yao yalikuwa ya mtu kalala kwenye kona ukuta mzima wa theluji umeinuka nyuma yake. Ilikuwaje wakapotea? Watu watakwambia vijana walichoka, ilionekana mambo ya wazee, nguo za kubana, na kweli hilo limo. Lakini mimi naona pigo kubwa lilitoka upande ambao hakuna aliyeutazama, nao ni ski. Mpaka mwanzo wa miaka ya 90 ski zilikuwa ndefu na karibu zimenyooka, kukata kona safi juu yake kulihitaji mtu aliyeiva, wakati snoubodi ilikuwa na mkato wa ubavuni tangu zamani na mtu wa kawaida kabisa angeweza kuonja ile raha. Mwaka 1993 Elan ya Slovenia ikatoa SCX, ski yenye kiuno, na ndani ya miaka michache kila kampuni ikafuata. Yule mtu wa Alps aliyekuwa kwenye snoubodi kwa ajili ya kona akarudi kwenye ski, miguu iko huru, lifti rahisi, kona zilezile. Waliobaki kwenye snoubodi ni wale waliokuja kwa ajili ya kitu ambacho ski za wakati ule hazikuwa nacho, yaani mambo ya skeitibodi, kuruka, kuteleza kwenye chuma, na mavazi mapana.

Halafu kamera. Mtu akizunguka mara tatu hewani hata bibi yangu kule Moshi atashangilia, sekunde nne imeisha, inaingia kwenye simu vizuri. Sasa muoneshe mtu aliyekata kona kumi safi kwenye barafu, ataona mtu anashuka. Ugumu wake hauonekani mpaka ujaribu mwenyewe. X Games ya theluji, mashindano ya mitindo ya hatari yanayooneshwa kwenye TV, ilipoanza 1997 ikajua nini cha kuuza, na pesa ya wadhamini ikaenda iliko kamera.

Olimpiki ndio ilitakiwa kuwaokoa watu wa mbio. Nagano 1998, mara ya kwanza snoubodi kuingia, slalomu kubwa na hafupaipu. (Sisi Afrika Mashariki Nagano tunaikumbuka kwa Philip Boit wa Kenya aliyemaliza wa mwisho kwenye ski za kilomita 10 na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri pale mwisho amkumbatie, nilikuwa simjui hata mtu anayeitwa mwanasnoubodi.) Terje Haakonsen wa Norwei, aliyehesabiwa mkali kuliko wote kwenye hafupaipu, aligoma kwenda kwasababu mchezo ulikabidhiwa FIS, watu wa ski, na kugoma kwake kukampa jina kuliko medali. Upande wa mbio Ross Rebagliati wa Kanada akachukua dhahabu ya kwanza kabisa ya snoubodi kwenye Olimpiki, wakampokonya kwa bangi, kisha wakamrudishia kwasababu kanuni za mchezo hazikuwa zimeizuia sawasawa. Mpaka leo ukimtaja hapa Kanada watu wanakumbuka bangi. Zile kona alizokata siku ile hakuna anayezikumbuka.

Sochi 2014 wakaongeza slalomu fupi ya sambamba, wawili wanashuka kwa pamoja, na Vic Wild, Mmarekani wa kuzaliwa aliyekuwa anachezea Urusi, akabeba zote mbili, fupi na kubwa. Michezo iliyofuata ile fupi ikatolewa na bigi ea ikaingizwa. Yaani walitoa kona wakaweka mruko mmoja mkubwa, wazi kabisa. Lakini hiyohiyo 2018 ndio Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech alishinda super-G ya ski, mbio za kasi za kushuka mlima, kwa sekunde 0.01, juu ya ski za kuazima, mwenyewe akabaki anatazama ubao wa matokeo haamini, na wiki moja baadaye akashinda slalomu kubwa ya snoubodi. Dhahabu mbili, michezo miwili tofauti, Olimpiki moja. Mie naitumia kila mtu anaponiambia mbio za snoubodi ni za walioshindwa kuruka.

Ila tuseme ukweli na upande wa pili, maana kwenye lifti nimesikia wazee wa buti ngumu wanavyoongea na wengine wanaboa. Eti fristaili sio kuteleza, eti watoto hawajui kugeuza. Jamani. Nenda ukasimame pembeni ya hafupaipu kubwa, kuta zake mita 6.7, uangalie kina Chloe Kim, bingwa wa Marekani wa hafupaipu, wanavyopanda. Anapanda ukuta kwa makali ya ubao, mstari safi, akikwangua hata kidogo mwendo unakufa na hatoki juu ya ukingo. Wale wa juu kabisa wanakata kona kuliko nusu ya wazee wanaowadharau. Tatizo liko kwa wale wa katikati, kijana anayeweza kuteleza kwenye reli tatu ila akitoka kwenye eneo la reli na miruko anashuka mlima mzima kwa kisigino anafagia theluji yote ya asubuhi, na tatizo lingine liko kwa wazee waliojifungia na plastiki zao wakamfanya kila mgeni aone mlango umefungwa.

Na mlango kweli ni mgumu. Duka la kukodisha la mlimani halina buti ngumu, sahau. Bao zenyewe zinatengenezwa na mafundi wachache, Donek kule Colorado, Coiler hapa Kanada, Kessler Uswisi, unaagiza kwa uzito wako, unasubiri, na bao mpya ni zaidi ya dola elfu moja kirahisi. Ndani zina bati nyembamba za aloi ya alumini zinazotuliza mtetemo, ndio maana zinatulia kwenye barafu, na ndio maana ukiikunja imekunjika.

Sasa habari njema mkuu, huhitaji yote hayo kuanza. Japani na Korea Kusini hawakuacha kona hata siku moja, na miaka hii ya karibuni watu wengi wanakata kona kwa buti laini, Ryan Knapton kwenye YouTube amewavuta maelfu, Korua Shapes wanauza bao za hivyo na zinauzika. Kwahiyo fanya hivi. Tafuta ubao wa kawaida wenye kamba, yaani ule uliobinuka katikati ukiuweka sakafuni, mgumu kiasi, na upana unaotosha mguu wako. Buti ikitokeza sana pembeni huo mwachie mwingine. Mguu wa mbele weka nyuzi 30 hivi na wa nyuma 10 au 15, yote mbele, hiyo miguu ya bata achana nayo. Noa makali, tena noa mara kwa mara, huku Ontario theluji inayeyuka mchana inaganda usiku na ubao butu hauna maana.

Nenda asubuhi lifti zikifunguliwa, wakati njia ina ile mistari ya mashine na haijachafuliwa. Chagua njia pana na isiyo na mteremko mkali, kata kona moja tu mpaka usimame, upande mmoja kisha mwingine, geuka utazame alama yako. Mstari mwembamba, endelea. Umepanuka, ujue uliharakisha kuzungusha. Kunja magoti, usikunje kiuno. Utaona watu wananyoosha mkono waguse theluji wapigwe picha, makalio yamebaki juu, hicho ni kiini macho, mkono unafika wenyewe nyonga ikishashuka. Na hili ni la uhai kabisa, kabla hujavuka njia tazama JUU. Sheria inasema anayetoka juu ndiye mwenye wajibu wa kukukwepa, lakini yeye hategemei mtu avuke upana wote wa njia kwa ghafla, na hapo ndipo wakata kona wanapogongwa. Saa nne mlima ukijaa mimi naacha, nakunywa chai au nahamia kwenye kijilima cha pembeni ambako hakuna mtu.

Jambo moja zaidi kuhusu vilima vyetu, watu wanavicheka, Blue Mountain ina mita 220 tu kutoka juu mpaka chini. Kwa mwenye kushuka moja kwa moja ni dakika imeisha. Mkata kona anatumia upana, anapata kona nyingi kwenye kilima hichohicho, na mapaja yanawaka kabla hajafika chini. Kwa mlima mfupi wenye barafu sioni mchezo unaofaa kuliko huu.

Ukimaliza msimu mzima hivyo na bado roho iko kwa yule mzee, ndio sasa turudi kwenye ule mtumba wako. Buti za plastiki za zamani zinapasuka zenyewe kwa uzee, ukiona rangi imepauka au kuna nyufa kwenye maungio usilipe hata senti. Ubao ukiwa umevuka sentimita 180 huo ulikuwa wa mtu wa mashindano, kwa vilima vya huku utakutesa, tafuta wa 160 na kitu wenye nusu kipenyo cha mita 10 mpaka 13. Uweke juu ya meza uangalie kama umejikunja, pitisha kucha kwenye makali. Muulize muuzaji uzito wake maana ubao ulioagizwa kwa mtu wa kilo 100 hautakupindia wewe wa 70. Weka picha hapa kwenye uzi, baindingi (vile vifungio vya buti) zionekane, na utaje saizi ya mguu wako na uzito, wapo wengine humu watakaosaidia, hasa yule dada wa Calgary kama bado anaingia.