Dada yako asichomwe interferoni kabla ya kupima akwaporini-4

Mkuu, unasema dada yako ameambiwa ana MS (multiple sclerosis), ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo: jicho moja limefifia, miguu ina ganzi, MRI imeonyesha doa refu kwenye uti wa mgongo, na wiki ijayo anaanza sindano za interferoni beta, dawa ya MS. Unauliza bei, chakula, na kama ataweza kushika mimba. Bei iache kwanza. Majibu ya kingamwili za akwaporini-4, kipimo cha damu kinachotambua ugonjwa mwingine unaofanana na MS, yako wapi?

Mke wangu alianzishiwa dawa hiyohiyo kwa dalili hizohizo. Daktari wa kliniki moja binafsi alitazama picha, akasema MS, akaandika sindano. Nilipouliza kama hakuna kipimo kingine, alinijibu niache kusoma mambo ya mtandaoni. Jicho la pili likashambuliwa, miguu ikagoma kabisa. Ndipo hospitali nyingine wakapima damu: chanya. Hakuwa na MS hata siku moja, alikuwa na NMO (neuromyelitis optica), ugonjwa mwingine wa kinga unaopiga neva za macho na uti wa mgongo. Jicho lile halikurudi hadi leo. Hasira yangu kwa yule daktari haijapoa, maana watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walitangaza kingamwili hiyo tangu 2004!

Elewa tofauti. Kwenye MS, seli T na seli B, askari wa kinga ya mwili, hushambulia mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva. Kwenye NMO, kingamwili zitokazo kwenye ukoo wa seli B hunasa akwaporini-4, mlango wa maji ulio kwenye seli ziitwazo astrosaiti, kisha huita protini za komplimenti, silaha za kinga zilizo kwenye damu, zinazozitoboa seli hizo. Ndiyo maana interferoni beta, natalizumabu na fingolimodi, dawa za MS, zinaweza kuichochea NMO. Na sisi watu weusi, hasa wanawake, NMO inatupata zaidi kuliko Wazungu.

Doa likivuka pingili tatu au zaidi, daktari anatakiwa kushtuka. Mwombeni apime kingamwili za akwaporini-4 na za MOG (protini iliyo juu ya mayelini), kwa kipimo kinachotumia seli zenye protini hizo, na damu itolewe kabla ya kusafishwa plazima (majimaji ya damu). Steroidi za kuzima shambulio zisisubiri majibu, kinachosubiri ni interferoni. Ikiwa NMO, muulizeni kuhusu rituksimabu, inayoondoa seli B.

Halafu muulize dada: amewahi kupata kwikwi au kutapika siku kadhaa mfululizo, tumbo likiwa halina tatizo? NMO hupiga sehemu ya ubongo inayoendesha kutapika. Kama ndiyo, daktari aambiwe kesho, asisubiri kliniki ya wiki ijayo.