Sumu inayoua fisi peke yake haipo

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji huku Simanjiro. Tangu mvua zianze fisi wameingia bomani mara tatu, wamenimalizia mbuzi tisa na ndama mmoja. Jirani ananishauri niweke sumu kwenye mzoga saa mbili usiku, halafu niufukie kabla jua halijachomoza ili ndege wasiufikie. Sitaki kuua tumbusi, nasikia wamebaki wachache. Naomba unitajie sumu inayomuua fisi tu, na kipimo chake. Na zile taa za kuwaka na kuzima zinafaa?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa hasara. Sumu hiyo haipo. Kipimo sitakupa, kwa kuwa hakuna kipimo kinachoweza kufanya kazi unayoitaka.

Swali hili hunifikia kila msimu, na karibu kila mara linakuja na mpango huohuo wa kuweka usiku na kufukia alfajiri. Anayekushauri hivyo anadhani sumu hubaki pale ulipoiweka. Fisi hukata mguu akakimbia nao ili wenzake wasimpore. Fisi miraba ndio kabisa, hubeba vipande hadi pangoni. Alfajiri wewe utafukia kichwa na mbavu, na nyama nyingine imeshatawanyika porini usikokujua. Aliyekula naye hafi lazima kando ya mzoga. Atatembea, atatapika njiani, ataangukia kichakani, na tumbo lake limejaa nyama yenye sumu isiyosagika. Kuanzia hapo yeye ndiye mzoga wa pili. Jua likipanda na hewa ya moto ikianza kuwainua tumbusi, wanamwona huyo ambaye wewe hukumwona. Bweha amekwisha kupita, na mbwa wako wa kulinda boma amekwisha kulamba matapishi.

Hilo la kipimo nalo lina kosa lake. Sumu zinazowekwa kwenye mizoga huku kwetu ni viuatilifu vya mashambani, hasa vya jamii ya kabamati, kama kabofurani, na oganofosfeti. Vyote huzuia kimeng'enya kimoja, kile kinachouzima ujumbe wa neva baada ya msuli kuupokea. Kimeng'enya kikizuiwa msuli haupumziki tena: mnyama hutoka mate, hutetemeka, mapafu hujaa ute, na hufa kwa kukosa pumzi. Kimeng'enya hicho anacho fisi, anacho tumbusi, anacho ng'ombe, na mwanao anacho. Fisi madoa mzima ana kilo 50 hadi 70. Tumbusi mwenye mgongo mweupe ana kilo 5 hivi. Nyama inayotosha kumwangusha fisi ina sumu ya kuua ndege wengi. Ukipunguza, fisi atapona na ndege watakufa vilevile, kwa sababu ndege hudhurika na kabofurani upesi kuliko wanyama wa miguu minne. Punje moja tu humtosha ndege mdogo. Zinazomwagika chini hukaa kwenye udongo wiki kadhaa, hata miezi, na hapo ndipo mbuzi wako watakapolisha mvua ikinyesha.

Kabla hujamlaumu fisi, chunguza. Mbuzi akiuawa, mchune ngozi ya koo. Ukikuta matundu ya meno na damu iliyovilia chini ya ngozi, amekabwa akiwa hai, na hiyo ni kazi ya chui au simba. Fisi huenda alikuja baadaye kula masalia. Ukikuta ameanza kuliwa tumboni au kwenye kiwele na mifupa imevunjwavunjwa, fisi anahusika. Ukikuta mbuzi kadhaa wameng'atwang'atwa miguu ya nyuma na hawakuliwa, watazame mbwa wa kijijini. Nyayo nazo zinasema: fisi huacha alama za kucha na mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma; chui na simba huacha unyayo wa mviringo usio na kucha. Piga picha ukiweka kiberiti kando ili ukubwa uonekane. Picha hizo utazihitaji pia kwa kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa aliyepata hasara ya wanyamapori: toa taarifa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo, na mzoga usiuondoe mpaka waushuhudie.

Sasa boma. Kuingiliwa mara tatu maana yake boma lina tundu, na mara nyingi tundu lenyewe ni mlango. Watu hujenga ukuta wa miiba mzito, kisha mlangoni wanaburuta tawi moja la mgunga. Weka mlango wa mbao au bati wenye fremu, unaofungwa kwa komeo, na chini usiache nafasi inayozidi upana wa kiganja.

Kitu cha pili ambacho wengi hawakijui ni kwamba mashambulizi mengi ya usiku hayaanzi kwa mnyama kuingia. Simba au fisi huzunguka nje, ng'ombe wanapata harufu, wanapata hofu, wanavunja ukuta kwa ndani na kutoka wenyewe. Kwa hiyo ukuta wako lazima uhimili kusukumwa kutoka ndani, na uzuie macho. Miiba peke yake inazuia macho lakini haihimili, na wavu peke yake unahimili lakini hauzuii macho. Tumia vyote, wavu ndani na miiba nje.

Kwa mbuzi 80 na ng'ombe 30, boma la duara lenye kipenyo cha mita 20 linatosha. Mzunguko wake ni mita 63 hivi, yaani marobota manne ya cheni linki ya mita 18, na kipande cha ziada cha kukunja mlangoni. Kimo kisipungue mita 2. Angalia geji: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Geji 14 au 12.5 inafaa. Geji 16 ni ya banda la kuku. Ng'ombe aliyeshtuka ataipasua, na wauzaji huipenda kwa sababu ni rahisi. Nguzo zisimame kila baada ya mita 2, zifukiwe sentimita 60. Fisi huchimba, basi kunja wavu kuelekea nje kwa nusu mita, uzike kidogo na ulaze mawe juu yake.

Nguzo za kukata huliwa na mchwa. Ndiyo maana huko kwenu zimeenea kuta hai, nguzo za mturituri, ambao Wamaasai huuita osilalei. Kata matawi yenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mita 2.6 hivi kabla ya mvua, mti ukiwa hauna majani. Usichubue gome. Acha sehemu uliyokata ikauke kivulini siku chache, la sivyo itaoza ardhini. Yakichipua, yanakuwa ukuta unaonenepa kila mwaka. Funga wavu kwa waya uliolegea. Ukikaza sana, mti ukinenepa waya utaukata gome pande zote na utakufa. Kisha fyeka vichaka mita 20 hadi 30 kuzunguka boma, kuondoa maficho.

Taa zinasaidia kwa muda. Kijana wa Kenya, Richard Turere, ndiye aliyezipatia umaarufu kwa kuwafukuza simba karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na zinafanya kazi pale mnyama anapodhani kuna mtu anatembea na tochi. Zikiwa zimetundikwa mahali pamoja zikiwaka kwa mpigo mmoja miezi mitatu, fisi atazoea. Zihamishe mara kwa mara, uzitumie kama nyongeza. Halafu hesabu mifugo kila jioni. Mbuzi kilema aliyebaki malishoni usiku ndiye anayemfundisha fisi njia ya kwako.

Kuhusu wanaouza "dawa ya fisi", sitazunguka. Minadani kuna watu wanapima unga au chembechembe kwenye mifuko ya nailoni, hauna lebo, hauna jina, na muuzaji anaapa kwamba "hii haiui ndege" au "hii ukipaka nguzo simba hasogei". Hajui anachouza. Mara ni kiuatilifu cha shambani, mara dawa ya josho iliyochanganywa, na mnunuzi anaibeba mfukoni pamoja na tumbaku. Wengine wana biashara ya pili hapohapo: kukuuliza ukipata fuvu la tumbusi au mafuta ya simba uwapelekee. Waganga wanaoahidi kwamba kichwa cha tumbusi humwezesha mtu kuona yajayo ndio wateja. Huko Guinea-Bissau mwaka 2020 imani kama hiyo iligharimu tumbusi zaidi ya 2,000 kwa sumu. Katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, mwaka 2018 walikufa simba 11, wanane wakiwa watoto. Mwaka 2021 wakapatikana sita upande wa Ishasha wa hifadhi hiyohiyo, wamekatwa viungo, na tumbusi waliokufa wamelala kandokando. Aliyetega sumu kwa ajili ya ng'ombe na aliyetega kwa ajili ya biashara wanaacha picha ileile.

Majangili wa pembe nao wanawaua tumbusi makusudi, kwa kuwa wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali tembo alipoangushwa. Juni 2019, kaskazini mwa Botswana, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Mitatu tu. Tumbusi husafiri zaidi ya kilomita 100 kwa siku na mmoja akishuka wengine wa mbali humfuata, hivyo mzoga mmoja huwakusanya ndege wa wilaya nzima, na wa nchi jirani pia. Jike hutaga yai moja, hulalia karibu miezi miwili, kinda hukaa kiotani miezi mingine minne hivi, na hawaanzi kuzaa mpaka wafikie umri wa miaka mitano au zaidi. Waliokufa asubuhi moja hawafidiwi kwa muongo mmoja.

Utafiti wa Afrika nzima uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba sumu ilisababisha asilimia 61 ya vifo vya tumbusi vilivyorekodiwa, na biashara ya viungo asilimia 29. Oktoba mwaka huohuo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, liliwaweka tumbusi mwenye mgongo mweupe, wa Rüppell, mwenye kichwa cheupe na yule mdogo wa kofia kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wote wanne wapo Tanzania. Mfugaji ndiye wa kwanza kuumia wakitoweka: majaribio ya Laikipia, Kenya, yalionyesha kuwa pasipo tumbusi mzoga huchukua karibu mara tatu ya muda kumalizika, na muda wote huo fisi, bweha na mbwa wanakutana hapo kupeana magonjwa. Jirani yako anataka kupunguza fisi kwa kumuua mshindani wao.

Ukikuta mzoga wenye ndege wengi waliokufa, au nzi waliokufa juu ya nyama, usiguse kwa mikono mitupu. Zuia watoto, mbwa na mifugo. Piga picha, piga simu kwa askari wa wanyamapori walio karibu, na usichome chochote kabla hawajachukua sampuli. Baada ya hapo mizoga yote, ya ndege na ya wanyama, ichomwe hadi iwe majivu. Kuifukia kwa kina kifupi hakusaidii, fisi ataifukua. Aliyeshika avue nguo na aoge kwa sabuni. Akianza kutoka mate, jasho na mboni kuwa ndogo, apelekwe hospitali mara moja pamoja na lebo au mfuko wa sumu hiyo. Dawa yake ni atropini, na inatolewa kwa sindano na mtaalamu. Maziwa na mafuta ya kula si dawa. Mgonjwa anayekoroma akinyweshwa maziwa yanaingia mapafuni, na muda wa kumfikisha hospitali unapotea.

Kwa wenzangu wanaotibu mifugo, kuna sumu nyingine ambayo hainunuliwi mnadani. Diklofenaki tunayomchoma ng'ombe kupunguza maumivu huharibu figo za tumbusi wanaokula mzoga wake. Ndiyo iliyoangamiza zaidi ya asilimia 95 ya tumbusi wa aina kadhaa nchini India kabla ya kupigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006, na tumbusi wetu mwenye mgongo mweupe amethibitika kudhurika nayo vilevile. Ketoprofeni, dawa nyingine ya maumivu, nayo si salama kwao. Badala yake tumieni meloksikamu. Ng'ombe akifa siku chache baada ya sindano ya diklofenaki, mzoga uchomwe au ufukiwe mita 2 kwenda chini; usiburutwe porini.