Jibu: Ekrani ya mashine ya samaki imekufa, sonda ya zamani ingali nzima. USIKATE WAYA!

Weka kisu chini. Huo waya usiukate.

Nilikuwa nasoma swali lako la mashine ya kutafutia samaki (ekrani juu mtumbwini, na sonda, kile kifaa cha majini kinachotuma sauti na kusikiliza mwangwi) polepole, chai mkononi, mpaka nikafika pale ulipoandika: “Ekrani imekufa lakini sonda ingali nzima chini ya mtumbwi, basi nitanunua ekrani peke yake, fundi wa redio ataunga waya.” Chai ikanipalia. Hayo mengine uliyouliza, inchi ngapi, GPS au bila GPS, ya kuona kina cha mita 600 au cha 200, na kama dolari 250 zitatosha, yatangoja. Naanza na waya, kwa sababu huo waya ulishanila mimi, na sasa naona unakunyemelea wewe.

Mimi navua hapa Goma, kwenye Ziwa Kivu. Mtumbwi wa mbao wa mita saba, mota ya nguvu za farasi 15, nauegesha ufukweni Kituku. Mashine yangu ya kwanza ilikufa mwaka 2022. Mvua ya usiku mmoja iliingia ndani ya ekrani, asubuhi ikawa nyeusi tii, lakini umeme bado ulikuwa unapita. Nikatoa sonda majini, nikaiweka sikioni: tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Nikafurahi kama mjinga. Nikajiambia sonda nzima, nusu ya mashine ninayo, nitanunua hiyo nusu nyingine tu. Ukisikia na wewe hiyo tik, tik, usiimbe bado. Maana yake ni kwamba sonda inasikilizana na ile ekrani iliyokufa. Haisemi lolote juu ya ekrani ambayo bado hujainunua.

Nikaenda Birere, mtaa wa maduka hapa mjini. Duka silitaji, mwenyewe anajijua. Nikamwonyesha picha ya sonda yangu kwenye simu. Hakuitazama hata kwa sekunde mbili. Akasema: “Papa, sonda ni sonda. Ni kama antena ya redio, yoyote inashika.” Na mimi, mtu mzima mwenye watoto wanne, nikatikisa kichwa kama mwanafunzi. Dolari 190. Ekrani peke yake, haina katoni, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki mweusi kama kilo ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani kwetu. Huo mfuko peke yake ungetosha kunifungua macho.

Huyo bwana, nakuapia, ziwa analiona kwenye kalenda. Hajawahi kulowa hata kisigino. Lakini aliongea juu ya sonda kama vile alizaliwa nayo mdomoni. Nilipomrudia baada ya wiki mbili akaniuliza kama “nimeitunza vizuri”. Mimi! Niliyekuwa nailaza ile ekrani ndani ya blanketi la mtoto!

Sasa sikia kwa nini antena ya redio si mfano. Ndani ya sonda mna kipande cha kauri. Ukikipa umeme kinatetema, kinatuma sauti chini, halafu kinasubiri mwangwi urudi. Kila kauri ina mtetemo wake, kama kengele ya kanisa: hata ukiipiga kwa nyundo gani, inalia sauti yake, si sauti unayoitaka wewe. Kuna za kHz 50 (mitetemo elfu hamsini kwa sekunde), za 83, za 200, kuna nyingine zinafika 455 na kupita. Ekrani nayo imetengenezwa itume umeme wa mtetemo fulani, kwa nguvu fulani, kwenye nyaya fulani. Ukichukua sonda ya 83 ukaipa ekrani inayotaka 50, umechukua gurudumu la chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo, umelifunga kwenye Land Cruiser kwa sababu yote mawili ni duara.

Na plagi? Kila kampuni ina yake. Garmin ina zake, Lowrance zake, Humminbird zake. Hata kampuni moja inabadilisha: mashine ya mwaka huu ina vidole (vile vipini vya plagi) vinne, ya mwaka mwingine vinane. Yangu ya zamani ilikuwa na vidole saba na mpya ilitaka vinne. Ndiyo maana tukakata.

Tulikata usiku, mezani nyumbani, taa ya simu mdomoni kwa sababu umeme ulikuwa umeenda. Fundi alikuwa kijana mzuri, anatengeneza redio na simu, simlaumu sana. Ndani ya ile waya nyeusi ukimenya unakuta nyaya mbili zimevikwa wavu wa shaba mwembamba kama nywele, halafu pembeni vijiwaya vidogo zaidi, vya kupima joto la maji. Upande wa ekrani mpya rangi zilikuwa nyingine kabisa. Fundi akatazama, akanitazama, akasema “tutajaribu”. Mdogo wangu, ukisikia fundi anasema tutajaribu, ujue anayejaribiwa ni wewe. Akasokota, akayeyusha risasi, akazungusha tepu nyeusi. Dolari 15. Ule wavu wa shaba aliukata akautupa, eti ni wa kushikilia tu. Kumbe ndio unaozuia kelele za mota zisiingie kwenye mwangwi.

Usiku wa kwanza tunatoka Kituku, nawasha. Ekrani inang'aa vizuri, rangi kama televisheni. Inaandika mita 1.8. Tunasogea. 1.8. Tunapita mahali ambapo hata ukitupa kamba ya mita 50 haigusi kitu. 1.8. Kwa mujibu wa mashine yangu, Ziwa Kivu mtu angevuka kwa miguu mpaka kisiwa cha Idjwi, kanzu ameishika mkononi. Halafu samaki wakaanza kutokea. Wakubwa! Kumi na wanne, nilihesabu, wamepangwa mstari mmoja kama askari kwenye gwaride, nusu mita chini yetu. Mtoto wa dada yangu akapiga vigelegele. Tukateremsha wavu. Tukapandisha maji, na chupa moja ya plastiki.

Vile vichoro vya samaki ukiviona kwenye ekrani, vizime. Viko kwenye mipangilio, mashine karibu zote zinakuruhusu. Mashine haimjui samaki. Inajua mwangwi tu, na mwangwi wowote wa saizi fulani inauchorea mkia: povu la mota, takataka, kelele ya umeme, waya uliokatwa na mjinga mmoja wa Goma. Jifunze kusoma mchoro mbichi. Kundi la sambaza linaonekana kama wingu zito, si samaki mmoja mmoja mwenye jicho.

Ungedhani hapo nilijifunza. Wapi! Nikasikia kuna mtu Bukavu anauza sonda iliyotumika, plagi ya vidole vinne kama ekrani yangu. Dolari 60, ikaja kwa boti. Ikaingia kwenye ekrani taratibu, klik, kama funguo na kufuli. Jioni hiyo nilimnunulia fundi bia ya Primus kwa furaha. Majini ikasoma vizuri mita 5, mita 12, mita 20, halafu theluji. Ekrani nzima vumbi la rangi. Plagi ilikuwa ile ile, ndani ni sonda ya mashine nyingine, mtetemo mwingine. Hii ndiyo hatari zaidi ya ile ya kukata, kwa sababu inakupa tumaini. Kufanana kwa plagi ni kufanana kwa suruali.

Mwisho wake ulikuwa mfupi. Fundi akasema ataifungua ekrani “aiongezee nguvu”. Nikasikia harufu ya plastiki inaungua kabla sijafika mlangoni.

Piga hesabu: 190, na 15, na 60. Dolari 265 zimelala. Mama watoto hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma. Mpaka leo ile ekrani ameiweka juu ya kabati sebuleni, ameitandikia kitambaa cha kufuma. Wageni wakiuliza ni nini anasema ni televisheni ya papa.

Baadaye nilinunua mashine ndogo, ekrani ya inchi nne, sonda yake ndani ya katoni yake, plagi yake, kishikizo chake, karatasi zake. Dolari 210. Inafanya kazi mpaka leo. Yaani kitu kizima, kipya, kilikuwa bei ya chini kuliko ujanja wangu.

Kwa hiyo: SONDA NA EKRANI VITOKE KATONI MOJA. Mtu akikuambia ana ekrani nzuri bila sonda, mpe heri, ondoka. Akikuambia katoni ilipotea njiani, ondoka haraka zaidi. Fungua katoni mbele yake, soma namba ya sonda, soma kHz, ingiza plagi kwa mkono wako mwenyewe, washa kwa batri pale pale dukani, weka sonda sikioni usikie tik. Asiyekubali hayo anajua kwa nini.

Najua utaniambia: lakini sonda ya zamani ni nzuri, ni ya gharama. Sawa. Ikiwa utapata ekrani ya kampuni ile ile, na karatasi ya kampuni inaitaja namba ya sonda yako kwa jina, hapo ongea. Kwa karatasi, si kwa mdomo wa muuzaji. Kitu pekee nilichookoa kwenye ile ya zamani ni kile chuma cha kuishikia sonda nyuma ya mtumbwi. Hicho chukua bure, bado kinanitumikia.

Hili la mita 600 nalijibu haraka, kwa sababu huyo huyo bwana alijaribu kuniuzia na hilo pia. “Kivu ni refu, papa, chukua yenye nguvu.” Kweli ni refu, linafika karibu mita 485 kwenda chini. Lakini nani anavua huko? Kuanzia mita 60 hivi kwenda chini maji hayana hewa ya kumfaa samaki, huko ni gesi tupu iliyoyeyuka, methani na kaboni dioksidi. Sambaza mwenyewe ni mgeni, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na anaishi kule juu. Mchana anashuka kidogo, usiku anapanda, ndiyo maana tunawasha taa. Sasa wewe unalipa dolari mia zaidi ili uone sakafu ambayo hakuna kitu?

Tena mashine ikiwa kwenye otomatiki inaanza kuitafuta hiyo sakafu. Sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda mita 485 na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde kila mara, na picha yako inakokota. Kundi lako la sambaza linabanwa juu kabisa ya ekrani, kimstari kama unyusi. Toa otomatiki, weka mwenyewe 0 mpaka 60. Hiyo haigharimu hata franga.

Na wati! Kwenye mfuko wangu mweusi iliandikwa wati 4,000 kwa wino mkubwa. Kuna namna mbili za kuhesabu wati za mashine hizi, na ile ya kupamba katoni ni mara nane ya ile ya kweli. 4,000 zao ni 500 za kawaida. Uliza RMS, ndiyo hizo wati za kweli. Muuzaji akikodoa macho, umeshapata jibu.

Kitu kingine kabla sijasahau, maana mtumbwi wako umesema ni wa mbao: usiibandike sonda ndani kwenye sakafu ukitegemea isome kupitia mbao. Kwa boti ya faiba isiyo na povu katikati inawezekana. Mbao ina hewa ndani yake, inakula sauti. Ifunge nyuma, uso wake uwe chini kidogo ya sakafu ya mtumbwi, mbali na panga la mota ili usichore povu. Na ipe batri yake, ile ndogo ya volti 12 ya amperi-saa 7 inatosha usiku mzima, fyuzi iwepo. Usiunganishe na umeme wa mota.

Uliuliza pia GPS na… inchi ngapi vile? Nimeshapanda juu kusoma swali lako mara mbili na kila mara macho yanaangukia pale kwenye “fundi ataunga”. Tuma kwanza picha ya plagi ya hiyo sonda yako, karibu, nihesabu vidole. Na huyo fundi mwambie asije leo.