Kocha wa kuogelea kwa mtu mzima ambaye tayari anajua, Mwanza

Salamu ndugu yangu. Nimekusoma: umekulia Igombe, mita 400 unazimaliza bila kupumzika, ila kila kocha unayemlipa anakurudisha kupiga miguu huku umeshika ukingo wa bwawa.

Kabla ya kutoa hela, mwombe akutazame ukiogelea mita 200, kisha akuambie kosa moja la kuanza nalo. Akikutajia makosa sita, au akikimbilia bei ya mwezi mzima, ondoka. Aliyenifaa mimi alikaa kimya akahesabu mapigo ya mikono: 24 kwa mita 25. Kiwiko kilikuwa kinazama mapema, nikawa nasukuma maji chini badala ya nyuma. Wiki tatu za kurekebisha hilo tu, nikashuka hadi mapigo 19. Nilimlipa kipindi kwa kipindi. Mwanangu naye alinirekodi kwa simu, na ile video ilinifundisha kuliko maneno yote.

Ziwani nenda baadaye, ukajifunze kuinua macho kutafuta alama, maana huko hakuna mstari chini kama bwawani. Ingia majini kutoka kwenye mtumbwi, penye maji ya kina, mbali na magugu ya ufukweni. Konokono wa kichocho hukaa hapo. Mpiga kasia asikuache hata kidogo.